Mali Bila Daftari: Namna ya Kuondoa Vifaa Chakavu vya Hospitali na Maabara Mpakani

Methali ya wahenga yasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa desturi methali hii huelekezwa kwa mwenye duka asiyeandika mauzo yake. Katika somo la toleo hili tunaielekeza kwenye ghala la nyuma la zahanati, la hospitali na la maabara, mahali ambapo mashine iliyokufa huwekwa kwa muda, na muda huo ukageuka kuwa miaka. Kifaa kikisahauliwa humo hutoweka machoni pa wenyewe, lakini hatari iliyomo ndani yake haitoweki. Hubaki ikimngoja mtu wa kuifungua.

Eneo linalokusudiwa na somo hili ni ukanda wa kutoka Kiyeyi na vijiji jirani vya Wilaya ya Tororo hadi vivuko vya Malaba na Busia, pamoja na Kaunti ya Busia upande wa Kenya. Katika ukanda huu zimo hospitali za serikali na za madhehebu, zahanati za watu binafsi, maduka ya dawa na maabara. Tororo na Nagongera zimekuwa kwa miaka mingi mahali pa utafiti wa malaria, na utafiti hauendi bila majokofu, darubini na kemikali. Imo pia biashara ya vyuma chakavu ambayo vijana wengi huitegemea kwa riziki ya siku. Na upo mpaka wenye njia za panya. Mambo hayo matatu yakikutana, kifaa kilichotoka wodini asubuhi chaweza kuwa uani kwa mtu wa nchi nyingine kabla ya jua kuzama.

Lengo la somo ni kumwezesha msomaji, awe mhudumu wa afya, mfanyabiashara wa vyuma, mzee wa Nyumba Kumi, mwenyekiti wa LC1, mwendesha bodaboda au askari, kufahamu jambo moja: kifaa cha tiba hakihesabiki kuwa kimeondolewa kwa sababu tu kimetoka mlangoni. Kimeondolewa pale hatari iliyomo ilipotolewa na mtu anayejua, na karatasi ikaonyesha kimeishia wapi.

1. Hatari iko wapi?

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba takriban asilimia 85 ya taka zote za vituo vya afya ni taka za kawaida, kama zile za nyumbani au ofisini. Asilimia 15 zilizobaki ndizo zenye hatari: ama zina vimelea vya magonjwa, ama sumu, ama mionzi. Hivyo hatuna haja ya kuiogopa kila karatasi itokayo hospitalini. Tunahitaji kuzijua zile sehemu chache zinazodhuru, na kuzuia zisichanganywe na nyingine.

Kwanza ni vitu vyenye ncha kali. Sindano iliyotumika kwa mgonjwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B ikimchoma mtu asiye na chanjo, uwezekano wa kuambukizwa hufikia hadi 30 katika kila 100. Kwa virusi vya UKIMWI uwezekano huo ni takriban 3 katika kila 1,000. Mtoto anayeokota sindano jalalani ili achezee maji hana habari na hesabu hizi, na anayemwona akicheza huenda asitambue.

Pili ni zebaki, ile madini ya majimaji yenye kung'aa ndani ya vipimajoto na vipimo vya zamani vya shinikizo la damu. Kipimajoto kimoja hubeba takriban gramu moja. Kipimo cha shinikizo hubeba gramu 80 au zaidi. Zebaki iliyomwagika hutoa mvuke usioonekana wala kunusika, nao hudhuru ubongo na figo, hasa za watoto na za mimba iliyo tumboni. Katika Wilaya ya Busia upande wa Uganda, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, kishawishi cha kuvunja vipimo vya zamani na kuuza kilichomo chaweza kuwa kikubwa zaidi kuliko penginepo. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulizitaka nchi wanachama kukoma kutengeneza, kuagiza na kuuza nje vipimo hivyo baada ya 2020. Kwa sababu hiyo vingi vinatolewa sasa katika huduma, na kila kimoja chahitaji mahali salama pa kwenda.

Tatu ni mashine zilizogusa damu, makohozi na vimelea: mashine za kuzungushia damu, makabati ya usalama wa kibayolojia, na majokofu ya sampuli. Jokofu lina hatari ya pekee kwa kuwa lina thamani sokoni hata likiwa kuukuu. Lililohifadhi damu na makohozi kwa miaka kumi haliwi safi kwa kufutwa kitambaa. Likiuzwa bila kutakaswa, mama muuza maziwa atalinunua kwa nia njema na kulijaza maziwa ya watoto wa watu.

Nne ni kemikali. Tutaje mfano mmoja ulio karibu nasi. Mashine za GeneXpert hutumika katika nchi zetu kupima kifua kikuu, na kila kipimo hutumia kibweta kimoja cha plastiki. Ndani ya kibweta hicho mna kemikali inayoweza kutoa gesi ya sumu ikichanganywa na dawa ya klorini kama Jik, au ikichomwa katika moto wa wazi. Mhudumu anayemwagia Jik vibweta hivyo akidhani anaviua vijidudu anajihatarisha yeye mwenyewe kwanza.

Tano ni mionzi. Hapa kuna kosa la pande mbili linalohitaji kusahihishwa. Mashine ya eksirei hutoa mionzi inapowashwa tu. Ikichomolewa katika umeme haina mionzi, na kuiogopa kwa sababu hiyo ni kuogopa kivuli. Hatari yake nyingine ni risasi iliyomo na, katika baadhi ya transfoma za zamani, mafuta yenye kemikali za sumu zidumuzo. Lakini mashine za kutibia saratani za kobalti, na baadhi ya vifaa vya utafiti, hubeba chanzo cha mionzi ndani yake: kipande kidogo cha madini kinachotoa mionzi usiku na mchana, kuwe na umeme au kusiwe. Mashine ya kobalti ya Hospitali ya Mulago, iliyoanza kazi 1995, iliacha kufanya kazi 2016, na wagonjwa wa Uganda wakakosa tiba hiyo nchini mwao mpaka mashine mpya ilipopatikana. Kwa mgonjwa, mashine ile ilikuwa imekufa. Kwa mtaalamu wa mionzi, chanzo cha namna hiyo kingali hai: nguvu ya kobalti-60 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei, na ile ya seziamu-137 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30.

2. Mafunzo kutoka Goiânia na Delhi

Zahanati za vijijini kwetu hazina vyanzo vya mionzi vya namna hiyo. Hata hivyo chuma chakavu husafiri, na mambo yaliyotokea kwingine yanaonyesha wazi jinsi mnyororo unavyokatika.

Katika mji wa Goiânia nchini Brazil, taasisi binafsi ya tiba ya mionzi ilihama jengo lake mwishoni mwa 1985. Ikachukua mashine moja na kuiacha nyingine yenye seziamu-137, bila kuiarifu mamlaka iliyoipa leseni. Jengo likabomolewa nusu. Tarehe 13 Septemba 1987 watu wawili waliingia magofuni, wakang'oa sehemu yenye chanzo wakidhani ina thamani, wakaipeleka nyumbani na kuanza kuifungua. Siku chache baadaye waliiuza kwa mwenye ua wa vyuma chakavu. Usiku mwenye ua aliona mwanga wa buluu ukitoka ndani, akavutiwa, akawaita jamaa na majirani waje kuona. Vipande vidogo kama punje za mchele vikagawiwa kama zawadi. Msichana wa miaka sita alichezea unga ule kisha akala chakula kwa mikono ileile.

Watu wengi waliugua, na kwa siku kadhaa waganga walidhani ni ugonjwa wa kawaida. Aliyeng'amua ni mke wa mwenye ua. Alihusisha maradhi ya jamaa zake na kile kitu kinachong'aa, akakichukua katika mfuko tarehe 28 Septemba, akapanda basi na kukifikisha kwenye ofisi ya afya. Kitendo hicho ndicho kilichofungua njia ya kuukomesha msiba. Yeye mwenyewe alifariki mwezi uliofuata, pamoja na yule msichana na vijana wawili waliofanya kazi uani. Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 kati yao walikutwa na uchafu wa mionzi mwilini au nguoni.

Kuna jambo moja katika kisa hiki linalotuhusu sisi askari zaidi. Zimamoto waliofika walikusudia kukichukua kitu kile na kukitupa mtoni. Mtaalamu wa fizikia aliwahi kuwazuia kwa tofauti ya muda mfupi. Walikuwa watu wenye sare, wenye ujasiri na wenye nia njema. Walichokosa ni maarifa ya nani wa kuitwa.

Kisa cha pili ni cha Delhi, India, mwaka 2010. Idara moja ya chuo kikuu ilikuwa na kifaa cha utafiti chenye kobalti-60 ambacho hakikuwa kimetumika tangu 1985. Mwezi Februari 2010 kiliuzwa kwa mnada kama chuma chakavu, kikafika katika soko la vyuma la Mayapuri, kikakatwa. Watu kadhaa waliugua, na mmoja alifariki mwezi Aprili. Tofauti na Goiânia, hapa hapakuwa na aliyevunja mlango. Mnada ulifanyika na mnunuzi akalipa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kifaa hiki kina nini ndani, kwa kuwa aliyejua alikuwa amekwisha ondoka kazini na daftari halikusema. Utaratibu wa mali ulifuatwa, ule wa usalama ukaachwa. Katika somo letu taratibu zote mbili ni za lazima.

3. Sheria za pande mbili za mpaka

Upande wa Uganda, uuzaji na uondoaji wa mali ya umma huongozwa na sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma ya 2003. Taka zenye hatari huongozwa na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 pamoja na kanuni za usimamizi wa taka za 2020, chini ya NEMA ya Uganda. Mionzi ipo chini ya Baraza la Nishati ya Atomiki lililoundwa kwa Sheria ya Nishati ya Atomiki ya 2008.

Upande wa Kenya, mali ya umma huongozwa na sheria ya ununuzi na uondoaji mali ya 2015. Taka huongozwa na sheria ya mazingira ya 1999, kanuni za taka na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, chini ya NEMA ya Kenya. Mionzi ipo chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, kwa sheria ya 2019. Biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake ya 2015 inayodai leseni na kumbukumbu.

Msomaji asichoshwe na orodha hii, kwa maana pande zote mbili zinakubaliana katika mambo makuu. Kituo kilichozalisha taka ndicho chenye wajibu wa kwanza juu yake. Msafirishaji wa taka zenye hatari sharti awe na leseni. Hati ya safari lazima ifuatane na mzigo mpaka mwisho. Na Katiba za nchi zote mbili, kifungu cha 39 nchini Uganda na cha 42 nchini Kenya, zinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama.

Mpaka nao una sheria yake. Mkataba wa Basel wa 1989, ambao nchi zote mbili ni wanachama, unakataza taka zenye hatari kuvushwa bila nchi inayopokea kukubali kwanza kwa maandishi. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili mwezi Februari 2018, kimewarahisishia wafanyabiashara wa bidhaa halali. Jokofu la maabara lisilotakaswa, likipitishwa kwa baiskeli au pikipiki katika njia ya panya, haliwi bidhaa halali kwa sababu tu bei imepatikana ng'ambo.

Kanuni hiyo inagusa pia misaada. Mashine iliyotumika ikitolewa kama msaada huku haifanyi kazi, haina vipuri wala fundi, aliyeipokea amepokea taka ya mwenzake pamoja na gharama ya kuiondoa. Mpokeaji ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini.

4. Hatua saba za kituo cha afya au maabara

Hatua ya kwanza ni kuandika. Kila kifaa kiwe na namba katika daftari la mali, na mbele ya namba hiyo iandikwe hatari iliyomo: zebaki, vimelea, kemikali, mionzi, au hakuna. Safu hiyo moja ya hatari ndiyo iliyokosekana Delhi. Iandikwe siku kifaa kinapopokelewa, maana siku ya kukiondoa anayekijua huenda amehamishwa au amestaafu.

Hatua ya pili ni kutenga. Kifaa kilichokufa kiwekwe katika chumba chenye kufuli, si barazani wala nyuma ya jiko. Kiwekewe kibandiko kinachosema: hakitumiki, kisihamishwe.

Hatua ya tatu ni kutakasa. Nyuso zilizogusa damu husafishwa kwanza kwa maji na sabuni, kisha kwa dawa ya klorini ya nguvu iliyopimwa, na kuachwa kwa muda ulioelekezwa. Vyombo vinavyostahimili joto hupitishwa katika otoklevu, nyuzi joto 121 kwa muda unaotakiwa. Kabati la usalama wa kibayolojia lisifunguliwe wala kusogezwa kabla ya fundi aliyefundishwa kulitakasa ndani. Kemikali na vibweta vifuate maelekezo ya mtengenezaji. Zebaki isiguswe na klorini wala ufagio. Iliyomwagika hukusanywa kwa karatasi ngumu na bomba, ikatiwa katika chombo cha kufungwa, madirisha yakiwa wazi na watu wametolewa nje.

Hatua ya nne ni cheti. Aliyetakasa aandike jina, tarehe na dawa aliyotumia, na nakala igandishwe juu ya kifaa. Bila cheti hicho, fundi, dereva na mnunuzi wana haki ya kukataa kukigusa.

Hatua ya tano ni kufuta siri za wagonjwa. Mashine za picha za tumbo, kompyuta za maabara na hata baadhi ya vipimo vidogo huhifadhi majina, umri na majibu ya wagonjwa. Nchi zote mbili zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Diski iliyouzwa ikiwa na majibu ya vipimo vya UKIMWI vya kijiji kizima ni jeraha ambalo halifungwi kwa bendeji.

Hatua ya sita ni uamuzi wa kamati. Kamati ya uondoaji wa mali huamua kama kifaa kitahamishiwa kituo kingine, kitauzwa, kitarudishwa kwa mtengenezaji, au kitaharibiwa. Mtu mmoja, hata akiwa mkuu wa kituo, asiamue peke yake, wala kifaa kisitolewe kwa fundi kuwa ujira wake. Palipo na shaka ya mionzi, kamati isikae kabla ya mamlaka ya mionzi kujibu.

Hatua ya saba ni kukifuata kifaa hadi mwisho. Kituo kipokee stakabadhi kutoka kwa aliyekichoma, aliyekiyeyusha au aliyekipokea, na kuibandika katika daftari mbele ya namba ileile ya hatua ya kwanza. Hapo ndipo mstari unapofungwa.

Kwa taka za kila siku, utaratibu wa rangi ubaki kama unavyofundishwa: nyeusi kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zenye maambukizi makali. Sindano ziingie katika sanduku la usalama bila kurudishiwa kifuniko, na sanduku lifungwe linapojaa robo tatu. Zahanati ndogo isiyo na tanuri la kuchomea taka isijichimbie shimo na kuwasha moto wa mafuta ya taa. Moto hafifu hauyeyushi sindano, na moshi wa plastiki una sumu. Iafikiane kwa maandishi na hospitali kubwa iliyo karibu, na masanduku yapelekwe huko kwa siku maalumu.

5. Kwa wafanyabiashara wa vyuma chakavu

Kazi yenu ni halali na ina manufaa, kwa kuwa chuma kinachorudi kiwandani hakirundikani mitoni. Lakini ninyi na vijana wenu ndio mnaogusa kwanza, na katika visa vyote viwili tulivyosimulia ndio walioumia kwanza. Tunawaomba mjiwekee masharti manne.

Msinunue kifaa cha hospitali kisicho na cheti cha kutakaswa na barua ya kituo. Msinunue chochote cha namna hiyo kutoka kwa mtoto. Msikate chombo kizito kuliko umbo lake, maana uzito huo huenda ni wa risasi, na mara nyingi risasi huwekwa ili kuzuia mionzi. Na mziweke wazi alama mbili katika ukuta wa ua. Ya kwanza ni ile ya panga tatu nyeusi katika uwanja wa njano. Ya pili ni pembetatu nyekundu yenye mawimbi ya mionzi, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Alama hii ya pili ilitangazwa Februari 2007 kwa sababu watu wengi duniani hawakuielewa ile ya kwanza. Kabla ya kutangazwa ilijaribiwa kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo. Hubandikwa karibu na chanzo chenyewe, ndani ya mashine. Anayeiona amekwisha fungua kupita kiasi, na la kufanya ni moja: aache, aondoke.

6. Mwananchi na askari wakikuta kifaa kinachotiliwa shaka

Mwananchi asikiguse, asikifungue, asikibebe kukipeleka kituoni. Awaondoe watoto. Akumbuke mahali na amwarifu mwenyekiti wa LC1, mzee wa Nyumba Kumi au chifu, au apige simu ya dharura 999 au 112, zinazotumika nchi zote mbili. Aliyekwisha kigusa anawe mikono kwa maji mengi na sabuni, asile wala asivute sigara kabla ya kunawa.

Aliyechomwa na sindano aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, asilikamue, na afike kituo cha afya mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zaidi zikianza ndani ya saa chache, na hazianzwi baada ya saa 72 kupita.

Askari anayefika eneo la tukio asijione amebanwa kufanya jambo la kishujaa. Akishuku mionzi, azuie watu umbali wa mita 30 au zaidi, asimame upande upepo unakotoka, na aite mamlaka ya mionzi ya nchi yake kupitia kwa mkuu wake. Waliokigusa wasiruhusiwe kutawanyika. Aandike majina yao na awaweke mahali pamoja, mbali na kifaa, mpaka wapimwe. Kitu hicho kisitiwe katika gari la polisi, kisiwekwe katika chumba cha vielelezo, kisizikwe wala kutupwa mtoni. Ushahidi utapatikana kwa picha ya mbali na kwa maelezo ya mashahidi. Na kwa kuwa mpaka haukizuii kitu kilichokwisha safirishwa, wakuu wa vituo vya pande mbili waarifiane siku hiyohiyo.

7. Mtoa taarifa si mtuhumiwa

Tumeliacha jambo gumu hadi mwisho. Watu wengi wanaona na hawasemi. Mfagizi wa zahanati anajua masanduku yanatupwa wapi, lakini anaogopa kufukuzwa. Kijana wa vyuma amenunua kitu asichokielewa, naye anaogopa kuulizwa alikipata wapi. Hofu hizo zina msingi, na haitoshi kwa askari kusema wasiogope.

Tufikiri: mwanamke yule wa Goiânia angeogopa kupanda basi siku ile, unga ule ungeendelea kugawiwa. Kila siku ya ukimya ilikuwa nyumba nyingine iliyoingiliwa. Kwa hiyo katika mambo haya maslahi ya usalama wa watu yanatangulia maslahi ya kesi. Anayeleta habari mapema apokewe, ashukuriwe, apelekwe kupimwa; maswali ya nani alinunua kutoka kwa nani yaje baadaye na kwa haki. Uganda ina sheria ya 2010 ya kuwalinda watoa taarifa, na askari wanaofanya kazi huko wanapaswa kuifahamu. Kwa pande zote mbili, askari anayemtisha mtoa taarifa mmoja amewanyamazisha kumi walio nyuma yake.

Wajibu wa kituo cha afya ni kuhakikisha kwamba hakuna anayelazimika kuwa shujaa. Daftari likiandikwa, chumba kikifungwa na stakabadhi ikarudi, hakutakuwa na kitu cha kuokotwa.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika kijiji chetu, ni vituo gani vya tiba vilivyofungwa au kuhama katika miaka mitano iliyopita, na vifaa vyao viko wapi leo?

2. Zahanati iliyo karibu nasi hupeleka wapi masanduku yake ya sindano? Nani ameiona stakabadhi?

3. Ni nani katika mtaa wetu anayenunua vyuma chakavu, na je, amewahi kualikwa katika baraza la usalama au huitwa siku ya msako tu?

4. Mtoto akileta nyumbani kipimo cha zebaki, mama afanye nini kabla ya kufika askari au mhudumu wa afya?

5. Mtu akivusha kifaa cha maabara kwa njia ya panya, ni ofisi zipi za pande mbili zinazopaswa kujua, na sisi tutazifikiaje?

Majibu ya swali la kwanza na la pili yaandikwe na katibu wa baraza, na nakala ikabidhiwe afisa wa uhusiano wa jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu.